Dada Yetu na Teksi ya Mume Wake

Ndugu, jamaa, majirani, na nyote mlioacha kazi zenu mkaja kukaa nasi kwenye viti hivi vya kuazima, familia imeniomba mimi, mdogo wake wa mwisho, niwaeleze dada yetu alikuwa nani, na ingawa sauti yangu leo si ya kutegemea, nitajitahidi nifike mwisho.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa kwanza wa fundi seremala na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana, na kwa kuwa mama alikuwa mgonjwa wa kifua, sisi tuliomfuata tulilelewa mgongoni kwake, yeye mwenyewe akiwa bado mtoto wa kubebwa. Alianza shule mwaka 1959, akasoma hadi darasa la nane, akafaulu vizuri, lakini mwaka huohuo mama akawa hajiwezi tena, basi dada akabaki nyumbani kumuuguza, akimgeuza kitandani, akimlisha kwa kijiko, na mama alipotutoka, tarehe 2 Novemba 1968, ndipo alipojiunga na chuo cha ushonaji, akahitimu baada ya miaka miwili.

Tarehe 3 Mei 1971 aliajiriwa hospitalini, kitengo cha kufulia na kushona, chumba kirefu chenye mvuke na madirisha ya juu, ambako alitia viraka shuka, akashona mapazia ya wodi na nguo za wagonjwa hadi alipostaafu mwaka 2006, na wenzake mlioko hapa mnajua kwa nini mlimwita Mama Pindo, kwa sababu shuka haikutoka mezani kwake kama pindo lake halijapigwa mara mbili.

Ni hukohuko kazini alikokutana na shemeji yetu, dereva wa teksi aliyekuwa akileta wagonjwa, ambaye siku moja aliingia na kiti cha gari kilichochanika, akaomba kishonwe, kikashonwa, akakirudisha kimechanika palepale, kikashonwa tena, na alipokirudisha mara nyingine dada akakiweka mezani, akamtazama, akamwambia, "Kaka, kama unanitaka sema, kiti hiki hakina kosa." Walifunga ndoa tarehe 12 Oktoba 1974, wakajaliwa watoto wawili, wa kiume mwaka 1976, na wa kike tarehe 9 Julai 1979.

Wengi wenu mliwahi kupanda teksi ile, gari dogo la rangi ya maziwa, lenye taa za mviringo, ambalo shemeji alilinunua likiwa tayari limechoka, akalipenda kama mtu, akalipigia rangi kila mwaka, hata maharusi wa mtaa mzima wakawa hawakubali kupelekwa na gari jingine. Mwaka 2001 injini ilikufa, macho ya shemeji nayo yalikuwa yameanza kudhoofu, gari likasukumwa nyuma ya nyumba, likafunikwa turubai, turubai likaoza, mvua ikaingia, na kuku wa dada wakalifanya chumba cha kutagia.

Mwaka 2012 shemeji alianza kusahau, kwanza majina, kisha nyumba za watu, kisha mwaka aliomo, na hatimaye akawa kila asubuhi anavaa shati lake jeupe, anaweka kofia, anatoka kwenda kutafuta teksi yake, kwa kuwa, alisema, abiria wanamsubiri. Tulimrudisha kutoka vituo vya magari, kutoka sokoni, kutoka uani kwa watu tusiowajua, hadi msimu wa mvua wa mwaka 2014 alipopotea siku mbili, akaokotwa na mafundi wa barabara ndani ya mtaro, mguu umevunjika, bado kofia iko kichwani.

Hapo ukoo ulikaa, na mwanawe mkubwa, kwa hofu ya mtoto anayempenda baba yake, akashauri mlango uwekewe kufuli. Ukawekewa, na shemeji akaugonga mpaka mikono ikavimba. Dada aliitazama ile mikono iliyovimba, akaliondoa kufuli mwenyewe, akasema, "Sitamfunga mume wangu kama mbuzi. Anatafuta gari lake, na gari lake lipo, ila halifanani tena na gari."

Ndivyo alivyoanza, akiwa na miaka sitini na mitatu, mwanamke ambaye hakuwahi kushika hata spana. Fundi bati wa mtaani kwetu, ambaye yuko nasi hapa, alipoitwa kulikagua alibonyeza madigadi kwa kidole, kidole kikatokea upande wa pili, akasema, "Mama, hapa hakuna gari, kuna kutu iliyoshikana kwa mazoea." Dada akamjibu, "Basi nifundishe kuitoa."

Akafundishwa. Kila baada ya kumwogesha shemeji na kumlisha, alijifunga kitambaa puani, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akakwangua kutu kwa brashi ya waya na msasa, mlango baada ya mlango, mpaka nywele zikawa nyekundu kwa vumbi, na nati zilizogoma alizivika matambara yaliyoloweshwa mafuta ya taa, akaziacha zilegee taratibu, kwa sababu, alisema, hata mgonjwa ukimvuta kwa nguvu anakaza. Bati la kuziba sakafu lilikatwa kwenye friji bovu la jirani mwenye duka, bampa lilitoka kwenye lundo la vyuma chakavu, lilikuwa la gari la aina nyingine, likakaa upande kidogo, nalo fundi akalichomelea hivyohivyo siku zake za mapumziko, malipo yake yakiwa suruali za nyumba nzima kushonwa bure. Viti alivishona dada kwa turubai nene na sindano ya magunia, na safari hii, alisema, hakuna wa kuvichana.

Shemeji alikuwa akikaa kwenye stuli akitazama, akiuliza gari hili la nani, na dada akimwambia ni la mteja, naye akitikisa kichwa na kusema, "Mwambie huyo mteja asijisumbue, gari limekwisha hilo." Dada alikuwa akitusimulia hayo huku akicheka, lakini mimi niliyekuwa nikilala pale mara kwa mara nilimwona akienda kunawa uso.

Fundi akaja na mwenzake wa injini, wakahangaika nayo miezi mingi, kabureta ya kuokoteza, plagi za kusafishwa, mpaka ikawaka, kisha kwa ombi la dada wakaitoa shafti inayopeleka nguvu magurudumuni, ili gari lingurume lakini lisiende popote. Rangi ya maziwa ikapigwa, kwa bomba la kuazima, Februari 2016, na watu wa mtaa wakaja kuona, na wapo waliolia.

Dada akamvalisha shemeji shati jeupe, akamshika mkono, akamleta. Shemeji akalizunguka gari polepole, akagusa taa, akagusa boneti, akafika mlango wa dereva, akapapasa bati kwa kiganja, akapapasa tena, akasema, "Zuri. Lakini si langu. Langu lina kovu hapa," akageuka, akaanza kuelekea barabarani.

Maana ya kovu hilo aliijua dada peke yake. Ni la mwaka 1979, siku aliyoshikwa na uchungu wa binti yake, shemeji akaingia getini hospitalini kwa mwendo ambao hakuwahi kwenda tena maishani, akalikwaruza na kulibonyeza gari kwenye nguzo, na kila mwaka alipopaka rangi aliliacha lile bonde, halinyooshwi. Fundi bati ndiye aliyelinyoosha sasa, kwa siku tatu za kugonga na kusawazisha kwa puti, na alikuwa akijivunia. Dada aliingia karakana ndogo ya uani, akatoka na nyundo, na mbele ya fundi aliyeshika kichwa kwa mikono miwili, akaugonga ule mlango mpya mpaka ukabonyea palepale, rangi ikatoka vipande. Kisha akamfuata mumewe barabarani, akamrudisha, akauweka mkono wake kwenye lile bonde. Shemeji alitulia. Akasema, "Kumbe liko nyumbani siku zote," akafungua mlango, akaketi kwenye usukani, na tangu siku hiyo hakupotea tena.

Tuliokuwa tukija kuwasalimu tulizoea kumkuta dada kiti cha nyuma, abiria, kikapu cha mboga magotini, anachambua, injini inanguruma, na shemeji anaendesha safari isiyotoka uani. Alimwita mama, kama wanavyoitwa abiria, alimuuliza anashukia wapi, na njiani alimsimulia habari za mkewe, mshona shuka wa hospitali, jinsi alivyo mkali na mzuri, na kwamba akishamshusha abiria huyu anakwenda moja kwa moja kwake. Siku moja dada aliingia ndani na mboga zake, akazitua jikoni, akaniambia, "Leo nimesifiwa mpaka nimeona wivu."

Mwanzoni mwa mwaka 2022 tulianza kumwona akishuka garini ameshika ubavu. Daktari aliagiza alazwe kwa vipimo, akaahirisha, akaagizwa tena, akaahirisha tena, kwa sababu hakuona ni nani atakayekaa kiti cha nyuma, na ilipofika Septemba, binti yake alipompeleka karibu kwa kumbeba, saratani ilikuwa imeshalienea ini. Miezi iliyobaki hakuitumia kujililia, aliitumia kutufundisha, mlango usipigwe kwa nguvu, usimsahihishe jina la barabara, akikuuliza unashukia wapi jibu bila kusita. Kitandani hospitalini alikuwa bado anageuza pindo la shuka kuangalia nani ameshona. Alifariki tarehe 21 Juni 2023, asubuhi, mikononi mwa binti yake, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili, ameacha mume, watoto wawili na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, wafanyakazi wenzake wa kitengo cha kushona, ambao sanda hii wameishona wao, pindo mara mbili, fundi bati, ambaye alikuwa fundi akawa ndugu, na majirani wote, hasa jirani mwenye duka, ambaye hata sasa ninaposoma yuko nyuma ya nyumba, kiti cha nyuma, akiwa abiria.

Kabla hatujaondoka, tuna ombi. Shemeji ameambiwa kwamba mkewe amefariki. Ameambiwa juzi, jana na leo asubuhi, na kila anapoambiwa anasikia kwa mara ya kwanza, anaanguka upya, kisha inamtoka, anauliza tena. Tumekaa kama familia, tumebishana, na wapo kati yetu waliosema kumficha ni kumnyima haki yake. Tumekubaliana kwamba atakuja kaburini, kwa sababu ni mkewe, na akiuliza tunamzika nani, mwanawe mkubwa ndiye atakayemjibu, na iwe mara ya mwisho. Kuanzia kesho, yeyote kati yenu atakayepita pale uani, akaulizwa na mzee yule mkewe yuko wapi, tunamwomba asimwambie. Mwambieni yuko nyumbani, anamsubiri.

Pumzika sasa, dada. Mzee wako tunaye.