Marehemu Enid Masika, Karani Aliyeshona Stempu kwa Uzi Mweusi

Baba Paroko, mwenyekiti wa kijiji, wakwe zetu mliovuka mpaka wa Kongo leo asubuhi mkitokea Butembo, majirani wa Bwera na ukoo mzima, mimi ni Kezironi Masereka, mdogo wa marehemu, nimepewa kusoma historia ya dada yangu na nimeombwa niwe mfupi kwa sababu mvua inakuja. Kwa mengine nitakuwa mfupi, kwa moja sitakuwa, na anayeogopa mvua kuliko ukweli njia ile pale.

Marehemu Enid Masika alizaliwa tarehe 11 Juni 1957 huko Kyarumba, akiwa mtoto wa pili wa marehemu mzee Yosia na marehemu mama Resty, wakulima wa kahawa, nasi tulikuwa wanne, kaka yetu mkubwa Sunday, yeye Enid, marehemu kaka Bright, na mimi kitinda mimba, ambaye Enid alinibeba mgongoni kupanda na kushuka ile milima mpaka nikaanza kuona aibu mwenyewe. Alisoma shule ya msingi hapo Kyarumba kuanzia 1965 hadi 1971, akamaliza sekondari Kasese mwaka 1975, na mwaka uliofuata akajifunza kupiga chapa.

Tarehe 3 Aprili 1978 aliajiriwa kuwa karani katika ofisi ya serikali hapa Bwera, na kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa kuandika hati za mauziano ya ardhi, zile tunazoziita agrimenti, kubandika stempu za ushuru, na kuzipiga mistari miwili ya wino na tarehe katikati ili asizitumie mtu mara ya pili. Mwaka 1985, wakati wa vita, gundi ilipokwisha na hakuna mkubwa aliyejali kuleta nyingine, wenzake walirudi nyumbani kulala, yeye akatoa sindano na uzi mweusi akawa anazishona stempu kwenye karatasi, huku watu wanamcheka na kumwita fundi cherehani wa serikali.

Tarehe 17 Desemba 1983 alifunga ndoa takatifu hapa parokiani na bwana Philippe, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Butembo, na Mungu akawajalia watoto watatu, Gorret mwaka 1984, Bénit 1987 na Aimée 1993, wote mnawaona hapa.

Alistaafu mwaka 2004, na mwaka 2018 Aimée alipomletea simu ya tachi, ndipo alipogundua kwamba huko Ulaya karatasi zetu za zamani zinauzwa kwa minada ya mtandaoni, tena kwa mafungu, picha moja ina karatasi hamsini zimerundikwa, na maelezo yake ni maneno matatu tu, karatasi mchanganyiko, Afrika. Wanunuzi wengine walitazama rangi ya stempu, yeye alitazama ilivyofutwa kwa wino, kwa kuwa kila ofisi ilikuwa na mkono wake, na zile za kushonwa ni adimu kiasi kwamba wakusanyaji walimwandikia kumuuliza kama ni za kweli, wasijue wanamuuliza mshonaji mwenyewe. Hakuzitafuta ajipambie ukuta, alizitafuta azirudishe kwa wenyewe, na bi Naimah wa Kabatoro, aliyerudishiwa hivyo hati ya kidimbwi cha chumvi cha baba yake mwaka 2021, yuko hapa analia kuliko wengi wa ukoo.

Sasa nafika kwenye lile moja. Kaka Bright alinunua kiwanja chake Kinyamaseke tarehe 9 Oktoba 1985, kwa jasho lake, na Enid ndiye aliyeandika hati na kuishona stempu, lakini Bright alipofariki mwaka 2019, kabla hata matanga hayajaisha, kaka Sunday alibeba sanduku la karatasi zake, akaziuza kwa mtu aliyekuwa akipita vijijini akinunua chochote chenye stempu, kisha akamwambia mjane Docus aondoke na watoto wake wanne kwa kuwa kiwanja ni cha ukoo. Kaka, usitazame chini, nimekaa nawe meza moja miaka mitano nikijua.

Tarehe 2 Novemba 2024, baada ya Docus kufungua kesi mahakamani, ukoo ulikaa kikao, mkakubaliana kwamba hati haikuwahi kuwepo, na Enid aliposimama kusema aliishona kwa mikono yake, mlicheka, mkasema ugonjwa umempanda kichwani. Alikuwa mgonjwa kweli, saratani ya ini iligunduliwa Agosti ya mwaka huo, lakini kichwa chake kilikuwa kizima kuliko vyenu.

Mwezi wa Februari mwaka huu, katika fungu namba 318, chini ya rundo la barua zisizo na maana, aliona pembe moja ya karatasi na nyuzi mbili nyeusi, akamwonyesha wifi yake Esperance, dada yake Philippe, akisema, "Ile iko yangu, mi ndiye nilishona." Daktari alimtaka Kampala wiki hiyohiyo, akakataa kwenda kwa sababu mnada ulikuwa unafungwa Jumapili tarehe 23, akauza mbuzi wake wote wanane, akalipata fungu zima, na alipofika Kampala, siku zilikuwa zimekwisha kupotea.

Bahasha ya fungu hilo ilifika posta ya Kasese, na tarehe 30 Aprili niliichukua mimi, nikaweka saini. Siku kumi na nne Esperance alinipigia simu kutoka hospitali, "Kezironi, yaya anauliza kama barua ilishafika," yaya kwao Butembo ni dada mkubwa, na siku kumi na nne nilijibu bado, nayo ilikuwa kabatini kwangu, kwa sababu katibu wa kile kikao nilikuwa mimi, aliyeandika kwamba hati haikuwahi kuwepo ni mimi, na niliona afadhali dada yangu angoje kuliko mimi kuitwa mwongo. Alifariki Jumatano tarehe 14 Mei 2025, saa kumi na moja alfajiri, akingoja. Niliifungua jioni yake. Jina la Bright limo, alama za dole gumba za majirani zimo, nyuzi zimo.

Docus, inuka uje uichukue mbele ya hawa wote, na ule muhtasari wangu wa kikao cha Novemba ni uongo, nimekuja nao na ninauchana hapa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, bwana Philippe ambaye hakutoka kando ya kitanda, Esperance aliyemwogesha, majirani waliochimba kaburi jana kwenye matope, na wastaafu wenzake wa ofisini waliokuja kwa miguu. Ukoo siushukuru.

Enid, dada yangu, nilikudanganya mpaka pumzi yako ya mwisho, na msamaha siombi leo kwa kuwa huwezi kunikatalia. Pumzika kwa amani wewe uliyefanya kazi yako, mimi Jumatatu saa tatu nitakuwa mbele ya hakimu upande wa Docus, na kaka Sunday atanikuta hapo.