Bi Jedwali, Aliyezirudishia Nyuso Rangi Zake

Marehemu, ambaye nyumbani aliitwa Dada na kazini Bi Jedwali, alizaliwa Jumanne tarehe 14 Machi 1967, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alikuwa kifungua mimba wa karani wa stoo na mshona nguo. Alipofikisha miaka saba mama yake alimtuma dukani kununua uzi wa bluu wa kufanana na kitambaa alichokuwa akikishona, akarudi mikono mitupu. "Nyuzi zote nimezitoa nje juani, mama. Wa kwetu haumo." Mama alimfokea, akachukua kitambaa akaenda mwenyewe, naye akarudi mikono mitupu.

Alimaliza sekondari mwaka 1985. Ripoti yake ya mwisho, aliyoitia kwenye fremu, inasema: "Ni mbishi. Kwa bahati mbaya, mara nyingi huwa sahihi." Kisha alisomea upigaji picha miaka miwili katika chuo cha ufundi.

Februari 1989 aliajiriwa kutunza kanda katika studio ya video iliyokuwa juu ya duka la magodoro. Kompyuta zilipoingia, alihamia meza ya kuunganisha picha, ambapo mtu aliyepigwa picha mbele ya kitambaa cha kijani hupachikwa kwenye mandhari ambayo hajawahi kuikanyaga. Hapo ndipo alipokutana na jedwali la rangi, yaani orodha ndefu ya namba inayoiambia kompyuta: ukikuta rangi hii, ionyeshe hivi. Mwaka 2006, katika tangazo la sabuni, aliweka jedwali kwenye picha ambazo mpiga kamera alikwisha kuziwekea lilelile. Mama mkwe wa mkurugenzi, aliyeigiza kwa kujitolea, akatokea na rangi ya boga. "Mwanangu," aliuliza, "na sabuni yenyewe ndiyo hii?" Marehemu hakujitetea. Alirudia kazi yote, kisha akabandika karatasi ukutani: JEDWALI NI MOJA, MAHALI PAKE NI MWISHO. Tangu hapo kila picha ilifanyiwa kazi ikiwa ghafi, imepauka kama nguo iliyofuliwa mara mia, na jedwali likawekwa mwishoni kabisa. Wateja walioingia kabla ya mwisho walishtuka. Walipewa chai, wakaambiwa wasubiri. Karatasi hiyo imedumu kuliko wakurugenzi watatu.

Hata ndoa yake ilitokana na ukaidi. Mwaka 1994 fundi umeme aliletwa kuweka taa katika chumba cha kutazamia picha. Alirudishwa mara tatu.

"Dada, taa ni taa."

"Hizi za manjano, kaka. Kawawekee wauza ndizi."

Mara ya nne alileta taa sahihi na barua. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 6 Mei 1995, wakajaliwa watoto watatu, na hakuna balbu iliyoingia nyumbani mwao bila kujadiliwa.

Machi 2023 figo zake zilianza kushindwa. Aprili mwaka huu daktari alimwambia aache kazi. Alimshukuru kwa adabu, akaenda kazini. Mezani ilikuwapo filamu ya mwanamke dereva wa treni, na mwigizaji mkuu alikuwa msichana mweusi tii. Jedwali lililokuja na programu lilimtoa kama aliyepakwa majivu.

"Bi Jedwali, nani ataona?" mtayarishaji aliuliza.

"Mama yake ataona."

Mtayarishaji akamkumbusha kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Naye akamkumbusha kwamba haraka haraka haina baraka. Kwa kuwa methali zilikwenda sare, mtayarishaji aliongeza wiki sita.

Marehemu aliamua kuunda jedwali lake mwenyewe. Aliwaketisha mbele ya kamera mlinzi, mpishi wa kantini na shemeji zake wawili, kila mmoja ameshika kadi ya rangi kifuani kama mtuhumiwa, akalinganisha ngozi halisi na ile ya kwenye skrini, namba kwa namba. Siku tatu za juma alikuwa kwenye mashine ya kusafisha damu, siku tatu kwenye jedwali, na ya saba alipumzika kwa amri ya mume. Majedwali kumi na tisa aliyafuta. La ishirini alilikubali, akalipitisha kwenye vipande vyote vya filamu, mia nne na kumi na viwili, na Ijumaa tarehe 12 Septemba akazima kompyuta. Jumatatu alilazwa.

Filamu ilionyeshwa Jumamosi tarehe 27. Kwa kuwa hakuweza kutoka wodini, alimtuma binti yake mkubwa akaketi nyuma ya mama wa mwigizaji na kutega sikio.

"Haya, kasema nini?"

"Kasema mwanawe amekonda. Na kofia ile haimpendezi."

"Na rangi?"

"Ya rangi hakuigusa kabisa, mama."

Marehemu alijiegemeza kwenye mto. "Basi imekaa sawa," alisema, akaomba uji, akaumaliza.

Alifariki Alhamisi tarehe 9 Oktoba 2025, saa tano asubuhi, mumewe akiwa kando yake. Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wawili, wadogo zake wanne, na jedwali moja ambalo studio bado inalitumia na hakuna mtazamaji anayelijua. Mungu ampokee, na ampe amani ile ambayo sisi hatukumwachia nafasi ya kuionja.