Mkoba Mwekundu Ndani ya Tramu

Tangu tramu iondoke stesheni ya mji wa Gent, bibi mmoja aliyeketi kando yangu alikuwa ameukodolea macho mkoba mwekundu wa mama mwenye nywele nyeupe pe aliyeketi mbele yake.

"Ngozi kuukuu, rangi mpya," hatimaye akasema. "Umepaka mwenyewe nyumbani, eh? Itachuja hiyo, ikuharibie nguo zote. Mimi Lutgart nimeshona mikoba kiwandani miaka thelathini."

"Na mimi Annemie nimepaka mmoja tu, ndio huu. Niliusugua kwa spiriti mpaka rangi ya zamani ikatoka yote, nikapaka mara sita, nyepesi nyepesi, kila mara nikingoja ikauke."

Lutgart akatoa leso nyeupe, akaitemea mate, akasugua mkoba kama anayeng'arisha sufuria. Leso ikabaki nyeupe. Niliona, naye akaona kwamba nimeona.

"Mate si mvua, mama," Lutgart akamwambia Annemie.

Tramu ikasimama. Nje mvua ilikuwa ikimwagika. Annemie akajifunika mkoba kichwani, juu ya nywele zile nyeupe, akashuka bila haraka yoyote. Akaja kusimama mbele ya dirisha letu, akitabasamu. Yaliyomtiririka usoni yalikuwa maji matupu.

Lutgart akafuta ukungu kwenye kioo ili ahakikishe. Kisha akafuta tena.