Zambarau za Kariakoo na Pua ya Dada Hyasinta

Tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na minne ya kazi, Dada Hyasinta Mapunda anastaafu akiwa Mkuu wa Mvinyo wa Hoteli ya Kisimani. Kazi yake ni kuuchagua mvinyo, kuutunza na kumshauri mgeni aunywe na chakula gani. Wageni humwita somelia. Sisi wa jikoni tunamwita Pua, na anajua.

Alitoka Mbinga mwaka 1991 akaanza kwa kuosha glasi. Kabla ya kuosha, alinusa. Msimamizi akadhani anamalizia masalio, akamwita ofisini. Hyasinta akamweleza kwamba wageni wa meza ya nne walipewa chupa iliyoharibika, wakainywa kwa adabu tu. Chupa ikaletwa: inanuka tambara lililolala na maji! Wiki iliyofuata alihamishiwa ukumbini.

Pua hiyo imetusumbua wote. Wahudumu walikatazwa manukato. Aliyepitia soko la samaki la Feri kula pweza kabla ya zamu alijulikana akiwa bado mlangoni. Mwandishi wa maneno haya, mpishi mwenye kitambi na heshima zake, amerudishwa kuoga mara tatu.

Mwaka 2008, alipokwisha kuwa Mkuu wa Mvinyo, mambo yalikuwa magumu. Menejimenti ilitangaza kwamba Mkuu wa Mvinyo lazima awe na cheti cha kimataifa; Hyasinta akikikosa, ataletwa mtaalamu kutoka nje, na yeye Hyasinta ashushwe awe msaidizi wa huyo mgeni. Akafanya mtihani, akaanguka. Alikuwa ameandika alichonusa: zambarau, embe bichi, tairi jipya. Wasahihishaji walitaka matunda ya kwao. Mwandishi naye aliufanya mtihani huo. Alikariri matunda yote ya kitabuni, akayaandika yote kwenye glasi ya kwanza. Alama alizopata hazikufikia umri wa mwanawe, aliyekuwa darasa la pili.

Ilibaki nafasi moja tu, baada ya miezi sita. Tukamshauri Hyasinta naye akariri. Akatujibu, “Nyie, nitamwambiaje mgeni nasikia harufu ya tunda ambalo sijawahi kulitia machoni?”

Akaenda Kariakoo kwa Mama Kusum, mwenye duka la viungo na ndugu kibao Ulaya. Ndugu wakatuma jamu na matunda makavu. Kila Jumatatu asubuhi wanawake hao walikaa nyuma ya magunia ya iliki, Hyasinta kafungwa kitambaa machoni, ananusa la kitabuni, kisha la sokoni, mpaka apate yanayokaribiana. Mama Kusum hakuwa na huruma: “Wewe Hyasinta, hiyo ni zambarau iliyolala tangu jana! Nusa tena!” Wakapata orodha ya harufu sitini na mbili. Ya petroli, ambayo baadhi ya mvinyo mweupe wa Kijerumani huwa nayo, waliifuata kwenye gereji za Gerezani. Mafundi wakafunga milango wakidhani ni watu wa kodi.

Mara ya pili aliandika majina yote mawili, la kitabuni na la Kariakoo. Akafaulu kwa alama za juu, na cheo kikabaki kwake miaka kumi na saba.

Tangu hapo wahudumu wetu hujifunzia sokoni, na orodha ile mkononi. Tisa wana vyeti. Mwezi uliopita Menejimenti ilikaa kumtafuta mrithi wake, na kikao hakikumaliza hata chai. Amechaguliwa Benedikta, mwanafunzi wake wa miaka mingi. Jina la mtu wa nje halikutajwa kabisa.

Dada Hyasinta, habari hiyo ilipokufikia ulikuwa unapanga meza. Uligeukia dirishani, ukasema ni vumbi. Nasi tukasema ni vumbi, tukapangusa macho. Asante, Dada. Tunakuombea afya, raha na siku nyingi njema huko nyumbani kwako Magomeni.