Mahari ya Josia

Jumatatu, tarehe 9 Februari 1998, saa nne asubuhi, ndipo mambo ya mzee Ngeleja yalipogeuka. Alikuwa ameketi kijiweni, Bariadi mjini, juu ya ubao mrefu uliobaki ghala la ushirika lilipofungwa, na kahawa ilikuwa inampoa mkononi. Mvua ya mwaka ule haikujua kupumzika. Pamba ilikuwa imesimama majini kama mpunga. Ngeleja alikuwa mgane. Mkewe, Milembe, alizikwa Novemba, na tangu siku ile mzee alikuwa akiongea taratibu, kama mtu anayevuka mto kwa miguu na kupapasa kila jiwe. Asubuhi hiyo alikuwa akimsubiri Novatus, mchuuzi wa ng'ombe kutoka Shishiyu, aje achukue maksai wake wawili wa plau. Milembe mwenyewe ndiye aliyewapa majina, Pingu na Ndoa, kwa kuwa walifungwa nira moja. Lakini mwanawe Josia alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, mbali huko pwani, na serikali sasa ilisema wazazi wachangie. Kabla hajakata roho, Milembe aliomba jambo moja tu: "Josia asirudi kabla hajamaliza." Ngeleja aliitikia amina. Na zaidi ya wale maksai, hakuwa na kitu cha kuitetea amina yake.

Kijiweni walikuwapo wenye kijiwe. Mahona, aliyeitwa Ushirika kwa sababu alikuwa karani wa ushirika mpaka ulipokufa, na tangu hapo kila ubaya aliupakia soko huria. Masele, aliyeitwa Wakili kwa kuwa aliwahi kushindwa kesi za mashamba mpaka akajifunza sheria humo humo. Na Salu, muuza kahawa, ambaye alisikiliza zaidi kuliko alivyosema, maana mdomo wa birika lake ulimtosha.

Ndipo akaja Selestini, mbio, suruali imekunjwa mpaka magotini kwa ajili ya tope. Huyu walimwita Redio. Aliwahi kuishi Dar es Salaam muda mfupi, na watu wa huko walimcheka kwa ile "l" ya Kisukuma, ya kusema "balabala" na "kalatasi". Aliporudi aliapa kwamba "l" na yeye basi. Siku hizi hata usiku hakulala, alirara.

— Mwangaluka, wazee wangu!

— Mwangaluka, Redio, — alijibu Wakili. — Leta habari, salamu tunazo.

— Nimetoka posta. Nimepokea simu ya Josia. Mzee Ngereja, kijana wako hajambo kabisa. Anasema amepata mahari huko chuoni, anafanya kazi, na...

— Mahari! — Ushirika aliruka, nusura aangushe ubao. — Umesema mahari?

— Ndiyo, mahari. Tena anasema...

— Kaa chini, Redio. Wewe umeshaleta, sisi tunachambua.

Kikombe kilimponyoka Ngeleja. Hakukiokota. Josia wake, mtoto wa kanisani, aliyekuwa akisoma somo la kwanza kila Jumapili, mahari imemwingiaje?

— Nilisema mimi, — alianza Ushirika, na vidole vikaanza kuhesabu hewani kama vile bado yuko ghalani. — Nilisema, soko huria halitaacha mtu. Zamani mwanafunzi alikuwa wa serikali, kama pamba ilivyokuwa ya ushirika. Mzani mmoja, bei moja. Leo kila mwenye kamba anatundika mzani. Basi na profesa naye katundika wake. Anapima vijana.

— Anawapima ili iweje? — aliuliza Salu.

— Wafanye kazi! Hukusikia? "Anafanya kazi." Mtu akiwa mwanafunzi anasoma. Akifanya kazi, si mwanafunzi tena. Hata serikali haijui kuvaa kofia mbili.

— Ushirika, wewe ni mtu wa magunia, — alisema Wakili, akifuta mdomo kwa heshima ya mahakama. — Kesi hii ni nyepesi. Kijana hana ng'ombe. Kamwona binti wa profesa. Kaenda kuposa. Profesa kamuuliza, ng'ombe wako wapi? Kijana kasema, baba yangu ana maksai wawili tu na wote wana majina. Profesa kamwambia, basi fanya kazi kwangu mpaka mahari itimie. Mwanzo, sura ya ishirini na tisa. Yakobo kwa Labani. Mzee Ngeleja, wewe ndiye msoma Biblia, nimekosea?



— Hujakosea sura, — alisema Ngeleja. — Yakobo alifanya kazi miaka saba.

— Na mwishoni akapewa nani?

— Lea.

— Umeona! — Wakili alipiga goti. — Akamtaka Raheli, akapewa Lea, akaanza upya. Sasa swali la kisheria: profesa huyo ana mabinti wangapi? Maana kama wako wanne, Josia atahitimu ana mvi.

— Si Josia peke yake, — Ushirika alidakia, sauti ikipanda. — Ni chuo kizima! Maprofesa wote wana mabinti. Vijana wetu wako mashambani mwa maprofesa, wanapalilia mihogo. Madarasa yamebaki na mbuzi. Ndiyo maana dola inapanda.

— Dola imeingiaje hapo?

— Salu, wewe mimina kahawa. Mambo ya uchumi yana wenyewe. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, jua vimezama.

— Na wakasema tena, — aliongeza Wakili, — mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

— Tezi si ule ugonjwa wa shingo? — aliuliza Salu.

— Ndiyo huo. Ukienda nao mbali, unarudi nao.

Redio aliinua mkono kama mtoto wa shule.

— Wazee, nina maneno mengine. Arisema...

— Subiri, Redio! — walimnyamazisha kwa pamoja.

Ngeleja hakuwa akiwasikia tena. Alikuwa amerudi kwenye kitanda cha Milembe, kwenye ule mkono mkavu uliomshika kidole gumba kama mtoto anavyoshika. Aliitikia amina mbele ya Mungu na mbele ya mwanamke anayekufa. Kama Josia ameacha masomo, basi amina ile imeanguka, na haijaanguka mikononi mwa mtoto, imeanguka mikononi mwake yeye. Alijiona anauza maksai, si kwa ada tena, ila kwa nauli ya kwenda kumtoa mtoto shambani kwa mtu.

— Nitakwenda mwenyewe, — alisema polepole. — Labani au si Labani, nitambishia hodi.

Hapo ndipo Novatus alipofika, kamba mpya ya katani begani, ameshaitia kitanzi. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, asiyeweza kupita penye neno "ng'ombe" bila kusimama.

— Mwangaluka, wazee. Mzee Ngeleja, pole tena kwa mayu, mama yetu. Nimekuja kwa wale wawili. Lakini huko nyuma nimesikia mahari. Nani anaoa?

— Josia, — alisema Ushirika. — Amenaswa na profesa. Anailipa kwa jasho.

Novatus alituliza kamba. Mahari ilikuwa ndiyo shule yake. Alijua ng'ombe wa ukoo wa nani walikwenda kwa ukoo wa nani, kuanzia Nassa hadi Maswa.

— Heri yake. Binti ni wa nani?

Ushirika alimwangalia Wakili, Wakili akamwangalia Salu.

— Nauliza jina tu. Ukoo gani? Baba yake anatoka wapi?

Wakili aliangalia ndani ya kikombe chake. Ushirika aliangalia barabara. Mkaa wa Salu ulilia chini ya birika.

— Redio, — alisema Novatus, — wewe ndiye uliyeleta. Binti anaitwaje?

— Binti gani? — Redio alishangaa.

— Wa mahari, ngosha!

— Mahari ina binti? Hapa turipokaa si mahari? Pare penye mzani si mahari? Josia amepata mahari pa kazi! Maktaba! Jioni akitoka darasani anapanga vitabu virivyorudishwa, wanamripa kidogo, kinamtosha chakura na karatasi. Masomo yanaenderea kama kawaida. Ni mpango mpya wa chuo, kwa wanafunzi ambao wazazi wao wana hari ngumu. Hayo ndiyo nirikuwa nasema, mkasema mnachambua!

Watu walizoea kumgeuza Redio kichwani: akisema chakura, wao wanasikia chakula. Lakini neno hili moja lilikuwa limefika likiwa zima upande wa pili, limevaa na viatu, na hakuna aliyekumbuka kuligeuza.

Salu ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akamwaga kahawa kwenye mkaa, moshi ukapanda, na Ushirika akacheka ndani ya moshi akikohoa. Wakili peke yake alijaribu kusimama imara.

— Kisheria, — alisema, — nilitegemea ushahidi uliokuwepo.

Ngeleja hakucheka. Aliinama, akaokota kikombe chake, akakipangusa kwa kona ya shati, na mabega yake, yaliyokuwa juu tangu Novemba, yakashuka. Ndipo wakaona machozi, na wakaona pia kwamba anatabasamu.

— Asante, Mungu wangu, — alisema. — Wabeja, Redio. Wabeja sana.

— Na neno ra kwanza kabisa arironiagiza, mkarikatiza, ni hiri: baba asiuze Pingu na Ndoa.

Wote walimgeukia Novatus. Novatus aliitazama kamba yake, akaanza kuikunja taratibu, mzunguko juu ya mzunguko.

— Mdomo wangu mwenyewe, — alisema. — Ningenyamaza tu, sasa hivi ningekuwa nawaswaga kwenda Shishiyu. Salu, nipe kahawa. Angalau nisirudi mikono mitupu.

— Bado kuna kitu, — alisema Redio, sasa amekaa katikati ya ubao kama bwana harusi. — Mpango ndiyo kwanza unaanza. Wariopewa kazi wameambiwa warete maoni, utengenezwe uwe mzuri zaidi. Josia akasema: muurize baba. Baba arikuwa nsumba ntare, kazi ya vijana anaijua.

Hilo lilikuwa kweli. Ujanani Ngeleja aliwahi kuwa nsumba ntale, yaani mkubwa wa basumba, wale vijana wanaolima pamoja kwa wimbo, leo shamba la huyu, kesho la yule.

Lakini kabla nsumba ntale hajafungua kinywa, kijiwe kilikuwa kimeshaboresha.

— Kila mwanafunzi afanye kazi ya somo lake, — alisema Wakili. — Wa sheria afagie mahakama. Wa udaktari achemshe sindano. Wa historia aoshe vyombo vya jana.

— Wapewe kadi za uanachama, — alisema Ushirika, — na mwisho wa msimu wagawiwe bonasi.

— Kama ile uliyotugawia sisi? — aliuliza Novatus.

— Ile iko njiani.

— Mimi naona, — alisema Salu, na kwa vile hakuwa na desturi ya kuona, wote walimtegea sikio, — kazi isile darasa. Mtu asipange vitabu saa ambayo wenzake wanavisoma. Na walipwe kwa wakati, maana njaa haisomi kalenda.

— Andika hilo, Redio!

— Siandiki, nakariri.

Ngeleja alikuwa bado anatafuta jiwe la kukanyaga. Walimngoja. Siku hizi walikuwa wamejifunza kumngoja.

— Basumba tulikuwa na sheria moja, — alisema. — Aliyefiwa hashiki jembe. Na shamba lake linalimwa kwanza, kabla ya shamba la tajiri. Mimi niliisimamia sheria hiyo nikiwa kijana, wala sikujua ni ya nani. Nilidhani ni ya wengine.

Salu alimmiminia kahawa kidogo, akanywa.

— Novemba, tulipomzika Milembe, Josia alichelewa kwa ajili ya barabara. Akakuta udongo. Akakaa siku chache, akarudi kwenye mtihani wake. Nikabaki. Mvua imeshanyesha, shamba limelala, mimi nimelala. Alfajiri moja nikasikia majembe. Hawakuimba, kwa heshima ya msiba. Hawakunibishia hodi. Majembe tu. Nilitoka, nikakuta nusu ya shamba imeshageuka, na vijana ambao baba zao niliwaongoza mimi, hata majina yao siyajui.

Ngeleja alimgeukia Redio.

— Basi mwambie Josia hivi. Wale wenye kazi za chuo wawe kundi, wawe basumba. Mmoja akifiwa, au akiugua, wenzake waishike zamu yake mpaka atakaporudi. Aende nyumbani akalie mpaka amalize. Na mahali pake pasichukuliwe na mtu.

— Mahari pake pasichukuriwe na mtu, — Redio alikariri, macho ameyafumba. — Nimeshika.

Hakuna aliyemsahihisha.

Salu aliinua birika, akalitikisa, akaligeuza juu chini. Tone moja lilianguka kwenye mkaa, likalia, likaisha. Kahawa ilikuwa imekwisha. Novatus alisimama, kamba kwapani, akasema kwa kuwa ng'ombe hawauzwi tena, yeye angeweza kuomba kitu kingine: kwamba wasiondoke bila kumkumbuka mayu, ambaye maksai wake wamebaki.

Wakasimama wote penye ule ubao. Wakili alivua kofia, Ushirika akazima sigara kwa kiatu. Ngeleja alifanya ishara ya msalaba, na kwa sauti yake ya polepole, bila kupapasa safari hii, akasali:

— Ee Bwana, mtumishi wako Milembe aliniachia neno moja, nawe leo umelishika kuliko nilivyoweza kulishika mimi. Umpokee. Umpe mahali kwako, pasipochukuliwa na mtu. Raha ya milele umpe, ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie. Apumzike kwa amani.

— Amina, — waliitikia.