Bi Alegra, Aliyedai Shahidi wa Pili

Tarehe 30 Juni 2004, Dk. Alegra Bensusan anastaafu baada ya miaka thelathini na minane ya kuandika historia ya Wayahudi wa Thesaloniki, Ugiriki, katika maktaba yetu ya kumbukumbu.

Alizaliwa mwaka 1937 karibu na bandari, binti wa mpakiaji mizigo. Mwaka 1943, Wajerumani walipoanza kuwapakia watu wetu kwenye treni za kwenda kambi za mauaji, mama yake alimkabidhi yeye na mdogo wake Davi, wa miaka mitatu, kwa Bi Stamatia, muuza jibini Mkristo wa kijiji kimoja milimani, upande wa mji wa Veria. Wazazi hawakurudi.

Sisi wa chini yake tulimwogopa kwa swali moja, kila tulipoandika jambo lililosemwa na mtu mmoja tu: “Shahidi wa pili yuko wapi, mwanangu?” Makala yangu kuhusu kiwanda cha tumbaku aliirudisha mara nne, imejaa wino mwekundu, na biskuti za ufuta juu yake ili nisinune.

Alikusanya shuhuda za mamia ya watu. Wa kwake hakuuandika. Alijua tu kwamba wanakijiji walikimbilia msituni wakati wa theluji kuwakwepa Wajerumani, naye akiwa amemshika Davi mkono, na kwamba alirudi mikono mitupu. Aliamini kwamba yeye ndiye aliyemwachia mkono.

Mwaka 1991 alikuja Fotini, binti wa Stamatia, na kopo la jibini. Nilikuwa meza ya pili. Alegra alimuuliza jambo hilo bila kuzungukazunguka.

“Umwachie wewe?” Fotini akashangaa. “Alikufa kwa baridi ukiwa umemkumbatia. Mama alikubandua vidole kimoja kimoja. Ulimng’ata, maskini!”

“Uliona mwenyewe?”

“Kwa macho yangu. Nilikuwa na miaka kumi na moja.”

Alegra akatoa karatasi, akaandika tarehe, akamwomba aanze upya, polepole. Mwandiko wake ulikuwa umenyooka kama kawaida; kalamu ilidondoka mara moja tu. Kesho yake akaandika ushuhuda wake mwenyewe.

Ametuachia vitabu vitano na orodha ya majina ya waliopelekwa, ambayo hakuna aliyeikuta na kosa.

Jumatatu atapanda basi kwenda kijijini. Yeye na Fotini wataweka jiwe lenye jina la Davi pale Stamatia alipomzika.

Bi Alegra, asante kwa kutulea. Tunakuombea afya, siku nyingi, na usingizi mzuri.