Kitanda Kilichokatwa na Mpaka

"Mtoto ni wa shule ya upande anakolala, au ya upande anakokula?"

Swali hilo liliulizwa Alhamisi asubuhi mbele ya duka la donati la Solveig, na hakuna aliyelijibu. Si kwamba watu hawakuwepo. Walikuwepo wanne, kwenye benchi lao lile lile, kila mmoja na kahawa yake, na kijiwe kile hakijawahi kukosa jibu, hata la jambo ambalo halijaulizwa. Mzee Arvid, aitwaye Spika kwa kuwa hanyamazi, hukaa mwisho wa kaskazini, ndani ya wilaya ya shule ya Lindmark, yenye bodi yake na kodi yake. Gordy, aitwaye Redio kwa kuwa hutangaza kwanza na hahakiki kamwe, hukaa mwisho wa kusini, ndani ya wilaya ya Pruitt. Mpaka wa wilaya hizo mbili unapita chini ya benchi, penye kigingi cha shaba. Katikati hukaa Clarice, ambaye kila kura ya kujenga madarasa ameikataa mpaka akaitwa Mama Hapana. Na Lorna, ambaye ni Refa, maana ukikaa kati ya Arvid na Gordy huna kazi nyingine.

Aliyeuliza ni Mai Yer, mama aliyehamia nyumba ya kona mwezi Julai, yeye na mama mkwe wake na binti yake Panyia, mwenye miaka saba.

— Lindmark wameniambia jiko langu liko kusini, niende Pruitt, alieleza. Pruitt wakasema wao wanaangalia mtoto analala wapi, na chumba kiko kaskazini, nirudi Lindmark. Lindmark wakaja kupima. Mpaka unapita kitandani kwa mtoto. Kichwa kwao, miguu kwa wenzao. Na shule zinafunguliwa Jumanne.

Gordy alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani.

— Basi hesabu asome Lindmark, mpira acheze Pruitt!

Lorna hakucheka. Alimwona mama yule amesimama na kikombe ambacho hajakigusa.

— Kosa ni la kijito, alisema Arvid. Zamani mpaka ulifuata kijito. Vita vya pili vya dunia vilipokwisha, askari wakarudi, wakaoa, wakazaa kama sungura. Mashamba yakauzwa, nyumba zikaota, kijito kikatiwa bombani kikazikwa. Mpaka ukabaki unafuata maji yasiyoonekana. Ndiyo maana wahenga wakasema, maji yakimwagika hayazoleki.

— Acha kamba, mzee! Gordy aliruka. Kijito gani? Ni ng'ombe. Mpimaji alikuja mlevi, akafuata ng'ombe wa Nygaard anayerudi zizini. Ng'ombe akakata kona kula majani, mpaka ukakata kona. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

— Hiyo methali ni ya baharini, we Gordy. Hapa bahari iko wapi?

— Kwani ng'ombe hanywi maji?

— Nyie wawili mnazeeka vibaya, alisema Clarice. Mpaka haukufuata ng'ombe, ulifuata kodi. Tazameni mlivyokaa kama vipofu! Kiwanda cha matrekta kikaangukia Pruitt, nyumba za wapangaji zikaangukia Lindmark. Hivi ng'ombe alijua kuchagua?

Hapo kila mmoja alipiga funda la kahawa, maana maneno yale yalikuwa na uzito. Lakini Gordy hawezi kukaa kimya.

— Na lile kombora je?

— Kombora gani tena, Yesu wangu!

— Jeshi lilizika kombora chini ya uwanja wa mpira wa Lindmark. Mkiusogeza mpaka, linalipuka. Kwa nini unadhani majani yale hayakauki hata theluji ikianguka?

— Ni zulia la plastiki, Gordy, alisema Arvid. Tuliliweka mwaka ule ule mjukuu wangu alipomaliza shule.

— Ndivyo walivyokwambia.

Arvid akasimama kutetea uwanja wa wilaya yake, Gordy akasimama kutukana timu ya Lindmark, na Lorna, bila kufikiri, akanyoosha mikono miwili kuwatenganisha, kama kila siku. Alipotaka kujipoza kwa kahawa, kikombe kilikuwa kitupu. Vya wenzake watatu pia. Mai Yer bado amesimama pale pale.

— Wazee wangu, samahani, alisema. Sikuuliza mpaka ulitoka wapi. Nimeuliza mwanangu aende wapi Jumanne.

Spika aliketi. Redio naye akaketi.

— Nimeambiwa bodi za wilaya zote mbili zinakaa pamoja leo saa moja jioni, aliendelea. Mlishawahi kwenda? Wanasikiliza?

Watu wanne walitazama kigingi cha shaba. Miaka na miaka waliitawala bodi kutoka kwenye benchi lile, na hakuna aliyewahi kuingia ukumbini. Lorna aliona aibu ikimpanda shingoni, na juu ya aibu, hasira. Mtoto amelala kitandani kwake, na watu wazima wamempimia kichwa na miguu!

— Kabla ya wilaya hizi, alisema, palikuwa na chumba kimoja cha shule, hapa hapa lilipo duka la Solveig. Mama yangu alisoma humo. Wakati wa baridi kila mtoto alikuja na gogo lake la kuni. Wahamiaji wapya walikuwa hawajui hata lugha, na watoto wao walikuja mikono mitupu. Mwalimu aliwaweka karibu kabisa na jiko, kwa sababu ndio waliokuwa na baridi. Hakuna aliyeulizwa kalala wapi. Na shule ilipojaa, haikufukuza mtu. Iliongeza benchi. Ndivyo tulivyokua, si kwa ng'ombe wala kombora.

Clarice alijikohoza.

— Umesema saa moja, mama? Nitakuja na gari. Wanaume hawa watakaa nyuma, wasiongee.

Mai Yer alimgeukia Lorna.

— Dada, hilo la jiko na kuni, alisema. Naomba uje bodini uwaambie wao.